Shangazi, kukaa na chai asubuhi ni uvivu?

SWALI: Hujambo Shangazi. Mimi ni mhasibu kwa kampuni moja hapa town. Kuanzia Aprili hadi Juni 30 ilikuwa mbio tu, kila mtu anataka ritani zake za kodi za KRA zijazwe, natoka ofisini saa tatu usiku, saa kumi na moja alfajiri niko stejini tena, hata Jumapili naitwa. Sasa kazi imepungua. Mwili umezoea kuamka mapema lakini natoka nyumbani saa moja na nusu, so napika chai pole pole, nafungua dirisha, namwagilia dania yangu iliyo kwa ndoo, nakaa tu. Naskia raha mpaka naogopa. Dada yangu tunayeishi naye anasema hayo masaa ningetafuta kazi ya pembeni. Ni uvivu? Na msimu ukirudi nitafanyaje?
Msomaji, Githurai

JIBU: Mwanangu, pole sana kwa hiyo miezi. Na hapana, huo si uvivu hata kidogo, mwili wako unajirudishia kilichochukuliwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa utafiti kwamba mtu anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 hivi kuliko wa masaa 35 hadi 40. Piga hesabu ya Mei yako uone ulikuwa wapi.

Hiyo chai nayo naijua. Maji na maziwa kwa sufuria, tangawizi umeiponda na ganda lake, majani yakiingia rangi inageuka, inapanda unapunguza gesi, inashuka, inapanda tena. Hapo huwezi kushika simu, ukiigeukia kidogo tu chai yote iko kwa jiko. Kwa hizo dakika macho yako yako kwa kitu kimoja, na tangu Aprili yalikuwa kwa mafaili ya watu wote, ndio maana unaskia raha hivyo, usiiogope.

Dirisha pia usiache kufungua, hata na hii baridi ya Julai. Mwanga wa asubuhi ndio huiambia saa ya mwili siku imeanza, na wa nje hata kukiwa na mawingu unashinda balbu ya nyumba mbali sana. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati, jua letu hapa Nairobi mwaka mzima linatoka kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, so halitakuhangaisha.

Dada yako usimkasirikie, Nairobi kodi haingoji mtu na anaongea kwa kujali. Kama pesa inahitajika kweli, kazi ya pembeni iende Jumamosi, lakini asubuhi isiguswe. Na wakija wengine wakuambie uongeze mazoezi, uandike shajara, usome kurasa kumi kabla ya kuoga, kataa. Ukiijaza hiyo saa utakuwa umejiajiri upya kabla jua kutoka.

Msimu ukirudi hutapata saa nzima, tusidanganyane. Baki na kimoja. Mimi ningebaki na chai, dania hata usiku itamwagiliwa, na simu ikae chumba cha kulala mpaka kikombe kiishe, hiyo whatsapp ya ofisi itangoja.

Kuna kitu hujauliza lakini kinaniuma: likizo umechukua? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi zenye malipo kamili kila baada ya miezi 12, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, kwa hivyo hizo Jumapili walizokuita ziulizie. Andika barua wiki hii kazi ikiwa bado imepungua, omba hata siku tano za Agosti, na ubaki na nakala yako.