Maswali ya Wasomaji: Kete za Sataranji, Kutoka Kerezo Hadi Ubaoni

Assalaam alaykum. Mimi ni mchongaji wa milango na makasha. Nina mteja anayetaka seti ya sataranji yenye sura ya Lamu, ila hataki sanamu ya mtu wala mnyama. Farasi nitamchongaje bila kichwa? — Fundi, Langoni, Lamu

Waalaykum salaam, fundi. Kazi unayoitaka ilifanywa na mafundi wa Nishapur, Uajemi, katika karne ya 12. Seti yao ya vigae vilivyong'arishwa imehifadhiwa Metropolitan Museum of Art, New York, na haina uso hata mmoja. Mfalme ni kiti cha enzi kilichopunguzwa mpaka likabaki umbo lake tu. Waziri, ambaye leo ni malkia, ni kiti hichohicho kwa udogo. Tembo, ambaye leo ni askofu, ana vinundu viwili juu, ndizo pembe zake. Farasi ana nundu moja ya pembetatu inayochomoza mbele, na jicho hulisoma mara moja kuwa kichwa. Ngome ni mstatili uliochongwa kabari juu. Askari ni vikuba vidogo vyenye pande zilizokatwa bapa.

Kwa hiyo Lamu una bahati, kwani kiti cha enzi unakijua. Mfanye mfalme egemeo refu lililo wima, malkia egemeo fupi na jembamba zaidi. Kwa ngome unaweza kutumia chombo: Warusi wameifanya merikebu kwa karne nyingi. Chonga tumbo la jahazi na omo yake tu, uache mlingoti na tanga, maana kijiti chembamba ndicho cha kwanza kuvunjika kete ikianguka.

Nakshi ziweke kwenye shina la kete, zisizidi kina cha milimita 1. Zikizidi hapo hushika jasho na vumbi la vidole, na kingo zake humeguka. Na usiweke nakshi ileile kwa wingi uleule kwenye kila kete. Hili ndilo kosa linaloharibu seti nyingi nzuri: mchoro unapendeza, lakini mchezaji anashindwa kutenganisha askofu na malkia. Kabla ya kupaka chochote, zipange kete sita tofauti dirishani, mwanga uwe nyuma yake, kisha simama umbali wa mita 2. Utakayoona ni vivuli tu. Kivuli kimoja kikifanana na kingine, rudia kete hiyo.

Nafundisha sataranji shuleni. Tumepewa seti tatu za kuchongwa, kila moja na sura yake, na wanafunzi wanachanganyikiwa. Kwa nini mashindano yote hutumia umbo moja? — Mwalimu, Malindi

Mwalimu, tatizo la wanafunzi wako ndilo lililozaa umbo hilo. Kabla ya katikati ya karne ya 19, kila nchi ya Ulaya ilikuwa na mitindo yake, na mgeni aliweza kushindwa kwa kukosea kete tu. Tarehe 1 Machi 1849 Nathaniel Cooke alisajili umbo jipya London. Kampuni ya Jaques ikalitengeneza, na Howard Staunton, mchezaji maarufu wa wakati huo, akalipigia debe na kulipa jina lake. Mfalme akapewa taji lenye msalaba, malkia taji la meno, askofu kofia iliyopasuliwa, ngome mnara. Kichwa cha farasi kilifuata farasi wa marumaru wa hekalu la Parthenon walioko British Museum. Vitako vipana na vizito vilifanya kete isimame imara.

Vipimo vinavyopendekezwa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni hivi: mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5, askari 5. Upana wa kitako uwe asilimia 40 hadi 50 ya urefu wa kete. Kila mraba wa ubao uwe na upande wa sentimita 5 hadi 6, au angalau mara mbili ya kitako cha askari. Urefu unaweza kupishana kidogo, ila mpangilio usivurugike: mfalme awe juu ya malkia, malkia juu ya askofu, vivyo hivyo hadi askari. Pima seti zako tatu kwa rula. Ile inayokaribia vipimo hivi itumie darasani. Nyingine ziweke kwa maonyesho. Mkiagiza mpya, ombeni malkia wa ziada kwa kila upande, kwa ajili ya askari anayefika mwisho wa ubao.

Nakereza kete za mpingo, lakini baada ya miezi michache zinapasuka kuanzia kitakoni. Wateja wa Nairobi ndio wanaolalamika zaidi. — Kijana wa karakana, Malindi

Sababu ni mbili, na huenda unazo zote. Ya kwanza ni unyevu. Mpingo ni mti mzito sana, huzama majini, na hukauka polepole mno. Hewa ya pwani ni ya maji. Kete ikifika bara kwenye hewa kavu huendelea kusinyaa. Ya pili ni chuma unachotia ndani ili kuongeza uzito. Mbao husinyaa, chuma hakisinyai, kwa hiyo mbao inayokibana haina njia ila kupasuka.

Anza na magogo madogo. Epuka kiini cha katikati kabisa ya gogo, kwani nyufa huanzia hapo. Kwa mfalme kata kipande cha milimita 45 kwa 45, urefu sentimita 13, ili upate nafasi ya kushikia kwenye kerezo, mashine inayozungusha mbao ikichongwa. Paka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili, kwani maji hutoka upesi zaidi ncha kuliko ubavuni. Panga vipande kivulini, vijiti katikati yake ili hewa ipite. Pima vichache kila wiki kwa mizani ya jikoni, uandike. Uzito ukikaa palepale kwa wiki nne mfululizo, mbao iko tayari. Ukishuka hata kidogo, ngoja.

Ukikereza, fanya kwanza duara kamili, halafu weka alama kwa kigezo cha kadi ngumu, kigezo kimoja kwa kila aina. Kata kitako, kisha pete, na shingo iwe mwisho: shingo ikiwa nyembamba mapema, kipande hutetemeka na patasi hurukaruka. Msasa ni namba 120, 180, 240, kisha 400. Vaa barakoa, vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Mikono ya kanzu au shati pana isikaribie kerezo.

Tundu la uzito liwe kubwa kuliko nati unayotia, lenye nafasi ya milimita 1 kuizunguka. Gundi ishike juu ya tundu tu, si ubavuni. Usitumie risasi, ni sumu, na seti hizi hushikwa na watoto. Kwa upande wa kete nyeupe, tafuta mchungwa au mndimu mkavu kutoka mashamba ya zamani: mbao yake ni ya manjano hafifu, laini kwa patasi na haina vinyweleo vikubwa. Mwembe pia hufaa, ila hushikwa na dumuzi na madoa upesi.

Seti ikienda ng'ambo, kumbuka kuwa mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali. Magogo na mbao ghafi hazijasamehewa.

Mteja ameona picha za kete za kale za Lewis na anataka seti kama hizo za pembe ya ndovu. Nimjibu nini? — Mwenye duka, Shela, Lamu

Mjibu hapana, dada, na usimtafutie hata kipande kimoja. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumiliki na kuuza pembe bila idhini, na adhabu zake ni kali. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016.

Mwambie pia kwamba kete hizo, zilizofukuliwa kisiwa cha Lewis, Scotland, mwaka 1831, si za ndovu. Nyingi ni za pembe ya walarasi, mnyama wa bahari ya baridi. Uzuri wake uko kwenye uchongaji: malkia aliyeweka kiganja shavuni, mlinzi anayeng'ata ngao yake, na askari wasio na uso, mfano wa vijiwe vya kaburi. Askari hao wakimya ndio wanaofanya nyuso za wengine zionekane.

Mfupa wa ngamia au ng'ombe unatosha. Chukua wa mguu, sehemu ya katikati iliyo nene. Safisha nyama na uboho, chemsha kwa moto mdogo kwa muda wa saa 2 hadi 3. Maji yakitokota sana mfupa hulegea na kuwa kama chaki. Loweka siku kadhaa kwenye maji yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha maji, mpaka mafuta yasielee tena. Mafuta yakibaki ndani, kete itageuka manjano ubavuni. Anika kivulini. Kwa kuwa ukuta wa mfupa ni mwembamba, mfalme mzima hatapatikana kwenye kipande kimoja: mchonge vipande viwili au vitatu, uviunge kwa kijiti cha mfupa na gundi, na uufiche muungo chini ya pete.

Kwa nini tembo wa sataranji amekuwa askofu Ulaya? — Mwanafunzi, Malindi

Ni vile vinundu viwili tulivyovitaja kwa fundi wa Langoni. Kete za Waarabu zilipoingia Ulaya, watu wasiomjua tembo waliona kwenye ncha hizo mbili kofia ya askofu. Wafaransa waliona kofia ya mchekeshaji wa mfalme, na mpaka leo kete hiyo kwao ni mchekeshaji. Warusi wamebaki na tembo.