Siku 28, na kikombe chenye rangi ya kucha

Februari 2025 kuna kaka mmoja wa Kagera, Tanzania, aliniandikia. Mdogo wake alikuwa amekutana na mgonjwa wa Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, kule Biharamulo, akaambiwa akae ndani siku 21, apimwe joto kila siku. Alishasoma mahali nikigusia karantini yangu ya korona ya 2020, akataka kujua amsaidieje. Asubuhi ile nilikuwa na oda ya mahamri 300. Nikamjibu: "Pole kaka, subira yavuta heri, siku hazikawii." Nikaweka simu chini, nikarudi kwenye unga wangu.

Wiki iliyopita ameandika tena. Mlipuko ule ulishatangazwa kwisha tangu tarehe 13 Machi 2025, na mdogo wake hakuugua hata homa. Lakini hali chakula na wenzake. "Dada, tunampakulia mezani, yeye anabeba sahani anakwenda kukaa nayo uani."

Nilipoisoma niliona haya, kwa sababu uani ule naujua. Kwa hiyo leo namjibu yeye, na nyinyi wengine mtasoma.

Nilirudi kutoka Dubai tarehe 24 Machi 2020. Miaka mitatu nilikuwa nikitandika vitanda vya hoteli, na hesabu yangu ilikuwa ileile ambayo najua na wewe unayo: kiwanja, matofali, biashara ndogo isiyo na bosi. Jumapili, tarehe 22, Kenya ikatangaza kwamba ndege za abiria kutoka nje zitasimama usiku wa tarehe 25, na kila atakayeshuka atawekwa karantini kwa gharama yake. Nilikata tiketi huku mikono ikitetemeka. Niliona heri nifungiwe kwetu.

Pale uwanjani Nairobi tulisimama masaa na masanduku yetu. Wenye uwezo wakachagua hoteli. Sisi wengine tukapakiwa mabasi hadi bweni la chuo kimoja, jina lake nalihifadhi, kwa shilingi 2,000 kwa siku. Nilikuwa na dirhamu 1,300, kwa bei ya siku zile kama shilingi 37,000. Nikapiga hesabu: siku 14 ni 28,000, nabakiwa na nauli na zawadi ya mama. Nikalala vizuri.

Siku kumi za mwanzo sitawachosha nazo. Nilisali, nililala, nilimaliza bando. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na dirisha langu lilitazama ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, na kunguru mmoja aliyejua kutua katikati ya vigae bila kujikata. Kila asubuhi alikuja bwana mmoja kwenye ovaroli nyeupe, akanielekezea kipajini kile kipimajoto mfano wa bastola, akasema namba, akaenda zake. Hakuwahi kuniita jina. Mimi nilikuwa "chumba cha kumi na tisa." Chakula kiliachwa sakafuni mlangoni, mlango unagongwa mara mbili, na ukifungua humwoni mtu, unaona mgongo unakimbia. Ukiona migongo ya watu siku kumi mfululizo, unaanza kujinusa.

Choo na bafu tulichangia ghorofa nzima. Hilo ndilo lililoniangusha. Siku chache kabla sijatoka tukaambiwa ghorofani kwetu kuna aliyepatikana na virusi, kwa hiyo sote tunaongezewa. Siku 14 nyingine. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, nimeshapiga pasi buibui langu kwa kulilalia chini ya godoro.

Wasiopitia hudhani karantini huumiza kwa upweke. Mimi upweke niliuzoea Dubai. Kilichonivunja ni ile namba kusogezwa. Kuanzia pale sikuamini tena hesabu yoyote. Kama 14 imekuwa 28, nani atazuia isiwe 42? Niliacha kuoga. Nilimfokea mamangu kwenye simu kwa sababu aliniuliza nimekula nini. Usiku mmoja nilisimama dirishani nikiupima ule ukuta kwa macho, na msidhani natia chumvi: mwezi ule wa Aprili, pale Nairobi, kuna watu waliruka ukuta wa karantini wakatoroka, na taifa zima likawacheka na kuwalaani. Mimi sikucheka.

Baadaye sana binti wa shangazi yangu, ambaye ni nesi, alinionyesha uchambuzi uliochapishwa na jarida la kitabibu la The Lancet Februari 2020, hata kabla sijafungiwa. Kumbe yote yalikuwa yanajulikana. Karantini ndefu huumiza zaidi ya fupi, watu huumia wasipopewa habari za wazi, huumia wakipoteza pesa, na huumia wakitoka wakakuta wanatengwa. Kule Toronto, Kanada, baada ya SARS ya 2003, ugonjwa mwingine wa mapafu wa virusi, watu 129 waliokuwa karantini waliulizwa hali zao. Karibu 29 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, na 31 dalili za sonona, ile huzuni nzito. Niliposoma nililia kwa hasira. Nilikuwa nimejiita mdhaifu mwaka mzima.

Tarehe 21 Aprili nikatoka. Bili 56,000. Kakangu mkubwa alinitumia 20,000 kwenye M-Pesa, na chini yake ujumbe: "Usije nyumbani, mama ana sukari." Alikuwa na haki. Isitoshe Nairobi na Mombasa zote zilikuwa zimeshafungwa, nisingefika hata ningetaka. Lakini hakusema njia imefungwa. Alisema usije. Na zile elfu ishirini hadi leo zikizungumzwa pesa kikaoni lazima zitajwe. (Mapema Mei serikali ikatangaza itabeba yenyewe gharama za karantini. Mimi nilishalipa nikaondoka. Risiti ninayo, mwenye kutaka kuiona aje.)

Nikaenda kwa shangazi Eastleigh. Tarehe 6 Mei Eastleigh nayo ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na siku hiyohiyo ikafungwa Mji wa Kale wa Mombasa, kwetu. Nilikuwa nimefungiwa huku na mamangu amefungiwa kule, tangazo moja. Idi ile ya Mei nilimwona mama kwenye simu, kajifunga leso mpya, video inakatikakatika.

Njia zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Nikapanda basi. Sasa sikilizeni hiki, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mama alinipokea mlangoni, akanilaza chumbani kwake, akanipikia samaki wa kupaka. Jioni akanimiminia chai kwenye kikombe cheupe, na kwenye mkono wa kikombe kulikuwa na tone la rangi nyekundu, rangi ya kucha. Nikajua. Alikuwa amekitia alama kisije kikachanganyika na vya watu. Hakusema neno, nami sikusema. Nikanywa. Siku ya pili nikachukua sahani yangu, nikaenda kula jikoni peke yangu, na hakuna aliyeniita. Nilikula jikoni mpaka Agosti.

Nimefikiri miaka mingi kwa nini watu wetu, ambao hawana uchoyo wa mapenzi, walishindwa na jambo hili. Maana Waswahili kumweka mtu ndani tunajua kuliko wengi. Neno karantini lenyewe asili yake ni arobaini, siku 40 ambazo meli zilizotoka kwenye tauni zilizuiliwa Venisi. Arobaini! Si ndiyo yetu? Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, anakandwa maji moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, kuna mama mtu mzima halali mbali naye. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Babangu alipofariki mamangu alikaa, na hakuna hata siku moja aliyoiuliza "natoka lini?" Alijua. Wanawake wa mtaa waliingia na kutoka, na siku ya kutoka walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi hadi tukapiga chafya.

Linganisha sasa. Mimi namba yangu ilichezewa, mtu wa kunijua jina sikuwa naye, na siku ya kutoka nilipewa karatasi na mlinzi akanifungulia geti huku amefunga pua. Hakuna aliyenitoa. Ndiyo maana niliendelea kukaa ndani, hata nikiwa barabarani.

Basi ushauri wangu, kwa mwenye ndugu aliyewekwa ndani leo au kesho, kwa sababu magonjwa haya hayajatuaga. Kwanza hesabu: muulize daktari namba, na uulize mapema ni kitu gani kinaweza kuisogeza, umwambie ndugu yako yote mawili. Hata habari mbaya mpe mapema. Pili mtu: chagueni mmoja wa kumpigia simu saa ileile kila siku, na asimuulize joto, kuna mwingine wa kuuliza joto. Amwite jina lake. Amsimulie nani kagombana na nani mtaani. Na asimwambie "shukuru u hai." Jamani, acheni hilo neno! Mtu anaweza kushukuru na kuumia kwa wakati mmoja, Mungu hapungukiwi. Mnaoharakisha kumfunga mtu mdomo kwa aya na methali, kama nilivyofanya mimi na unga wangu mkononi, hamumsaidii, mnajisaidia nyinyi mrudi kwenye kazi zenu. Akifoka, mwache afoke. Akinyamaza wiki mbili, halali usingizi, hali chakula, mpelekeni kwa mshauri nasaha au kliniki. Mimi nilipelekwa 2021, nimechelewa, na nilikwenda kwa kuburutwa.

Leo nina wasichana wanne wananifanyia kazi, tanuri mbili, na kiwanja Mtwapa kina msingi. Nasema si kwa kujigamba, ingawa kidogo najigamba. Nasema mjue kwamba anayekula jikoni peke yake si mtu aliyekwisha.

Na wewe kaka wa Kagera, hili ndilo nililopaswa kukuandikia Februari ile. Mdogo wako hajatolewa. Nyinyi huko mna njia zenu za kumtoa mtu, ulizeni wazee. Kwetu ningekwambia hivi: msimwite mezani. Siku moja jioni mpike anachopenda, kiwe kwenye sinia moja, kisha nyinyi nyote mchukue hilo sinia mmfuate uani. Mkae chini alipokaa yeye, mle na mkono wake ndani. Akiinuka akaondoka, msimfuate, lakini kesho yake mrudi tena na sinia.

Kile kikombe ninacho. Mama alitaka kukitupa alipoona nakitumia, nikamwambia akiache. Hatujawahi kukizungumzia. Ile rangi imebanduka nusu.