Ukiinua Land Rover ya zamani kwa jeki, usiitegemee handibreki

Vijana mnaoanza kushika Land Rover za zamani, hasa Series II na III zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, kabla hamjagusa jeki laleni chini ya gari muone handibreki iko wapi. Haiko magurudumuni. Ni dramu moja tu nyuma ya transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), na kazi yake ni kubana shafti inayokwenda ekseli ya nyuma.

Magurudumu yote yakiwa chini, shafti ikibanwa gari linatulia. Sasa inua gurudumu moja la nyuma. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka tofauti, imepata nafasi: gurudumu la hewani linazunguka huku, lililobaki chini linabingirika kule, na shafti yenyewe haijageuka hata kidogo. Gari linaondoka na handibreki umeivuta mpaka mwisho! Kuingiza gia peke yake hakusaidii, maana gia nayo inashika shafti ileile. Aliyejifunzia magari ya saluni ya Kijapani hili halimjii akilini, kwa hiyo kwangu mwanafunzi halali chini ya gari mpaka anieleze kwa maneno yake.

Basi tafuta mahali tambarare, uweke kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Kabari ya mbao ngumu iliyochongwa, si jiwe la kuokota. Kisha vuta ile lever nyekundu nyuma, uingie gia nzito (ya mwendo wa polepole wenye nguvu); hapo ekseli ya mbele imeungana na ya nyuma. Weka gia ya kwanza. Kama magurudumu ya mbele yamefungwa habu za kugeuza kwa mkono, zinazounga au kuachia gurudumu na ekseli, zigeuze zishike, la sivyo umejisumbua bure. Kabari hazitoki hata baada ya hayo yote.

Gurudumu la akiba likiwa juu ya boneti, lishushe mapema. Ni zito, na kulishusha wakati gari liko juu ya jeki ni kulitikisa gari. Nati nazo zilegeze kidogo tairi likiwa bado chini.

Jeki ya asili ya skrubu mimi naipenda: haina sili ya kuvuja, haishuki polepole kama jeki ya mafuta iliyochoka. Ila kitako chake ni kidogo, kwa hiyo tandika ubao mpana. Meno ya skrubu yakiwa yamelika, iwe pambo. Ikiwa nzima, iweke chini ya bomba la ekseli, karibu na springi. Tumbo la difu ni mviringo, jeki huteleza. Bodi ni aluminiamu, itabonyea. Ukiinulia kwenye chesisi utazungusha mpaka mkono uume, kwa sababu springi zinaning'inia kwanza ndipo tairi liachie ardhi.

Wapo wapenda uhalisia wanaotaka kila kifaa kiwe cha enzi ya gari. Sawa kwa picha. Ukiingia chini, weka stendi za chuma za leo pande zote mbili. Tofali la saruji hupasuka ghafla. Kama unabadilisha tairi tu, lile la akiba lilaze chini ya chesisi mpaka utakapolihitaji.

Ukishusha, kaza nati kwa kukingamisha, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, gari likiwa limekaa chini, kisha zipitie tena baada ya mwendo mfupi.