Re: Nimenunua kidau cha tanga, nitaweza kukitunza peke yangu?
Mkuu, hicho kidau ulichonunua Kilwa mtu mmoja anakimudu, usitishwe. Subiri bamvua (siku ambazo maji hujaa na kutoka sana), maji yakitoka kilaze kwenye mchanga, kwangua magamba, pitisha moto wa makuti chini taratibu maana yule mdudu anayetoboa mbao humuoni kwa nje, tundu lake kama la sindano ila ndani kashakula kitambo, halafu ukalafati upya, yaani uzibe nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta ya papa (yananuka balaa, utazoea). Vifaa sasa: kamba ya kupandishia foromali (ule mti unaoshika tanga juu) ifike hadi ulipokaa kwenye usukani, na demani (kamba ya kuongozea tanga) usiikaze fundo la moja kwa moja, upepo ukikurupuka uiachie palepale. Nanga, ndoo, kafi, laifu jaketi. Injini itasubiri, kwanza badilisha hilo tanga lenye viraka.