Uvimbe mwekundu wa mtoto ambao haukuwepo alipozaliwa

Dada, umeuliza kama uvimbe mwekundu ulio shavuni mwa binti yako wa miezi 2 ni alama ya kuzaliwa tu, ukaeleza kwamba siku alipozaliwa haukuwepo. Mimi ni tabibu wa kliniki ya watoto, na kwa uzoefu wangu maelezo hayo ya mwisho yana uzito kuliko picha uliyoiweka.

Mwaka 1982 watafiti Mulliken na Glowacki waliyatenganisha matatizo haya ya mishipa ya damu katika makundi mawili: yale ambayo chembehai za mishipa ya damu huzaliana kupita kiasi, na yale ambayo mishipa yenyewe iliumbika vibaya tumboni. Hemanjioma ya utotoni, yaani uvimbe wa mishipa ya damu wa watoto wachanga, ni ya kundi la kwanza. Hujitokeza wiki za mwanzo, hukua haraka kuliko mtoto mwenyewe, kwa kawaida humaliza sehemu kubwa ya ukuaji kabla ya mwezi wa 5, kisha husinyaa taratibu kwa miaka kadhaa. Baka bapa la kundi la pili huwapo tangu kuzaliwa, hutanuka sambamba na mwili na haliondoki. Kwa hiyo huwa naomba kwanza picha za simu za wiki ya kwanza, kwa kuwa mama aliyetoka kujifungua ana mengi ya kukumbuka. (Wala matatizo haya hayasababishwi na ulichotamani kula ukiwa mjamzito, hata mawifi wasemeje.)

Rangi hudanganya, hasa kwenye ngozi nyeusi, ambako wekundu huweza kuonekana kama zambarau au weusi, na hemanjioma iliyo ndani zaidi huonekana ya buluu. Hapo nategemea vidole: uvimbe laini unaobonyea na kujaa mtoto akilia hunielekeza kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni), ilhali unaodunda pamoja na mapigo ya moyo hunifanya nishuku ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyoungana na vena, na ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu, huhitajika.

Mahali nako kuna habari. Baka bapa la paji la uso na kope ya juu hudai uchunguzi wa presha ya jicho na tahadhari ya degedege; hemanjioma za kidevuni na shingoni zaweza kuambatana na nyingine kwenye njia ya hewa; zikifika 5 au zaidi mwilini, ini hupigwa ultrasaundi.

Kwa binti yako nashuku hemanjioma, ingawa lazima aguswe na daktari. Ikiwa iko karibu na jicho, pua au mdomo, au imefanya kidonda, mpeleke wiki hii, kwa sababu tiba hufaa zaidi ikianza uvimbe ungali unakua. Propranololi, dawa ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti manufaa yake mwaka 2008, hupimwa kwa uzito wa mtoto na hutolewa akiwa ameshanyonya, kwani huweza kushusha sukari na mapigo ya moyo; usiinunue dukani kwa kuelekezwa na jirani.