Jibu: Je, kanisa la Nyangao, mkoani Lindi, ni lile lile la 1896?

Ndugu, 1896 ni mwaka wa misheni, si wa jengo. Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, walianzia Lukuledi 1895, mwaka uliofuata wakaingia Nyangao. Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika huku, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale, na misheni ya Nyangao ikateketezwa. Sista Walburga Diepolder alipotea katika kukimbia. Hilo lisisahaulike. Kwa hiyo jengo lililopo lina mwaka wake, tofauti na wa misheni.

Ukiutafuta mwaka wa jengo, anza na jiwe la msingi, kisha mwombe paroko akuonyeshe vitabu vya ubatizo. Vile vya zamani ni vya Kilatini: "baptizatus" ni aliyebatizwa, "patrinus" msimamizi wake. Kwenye barua zisizo na tarehe tazama muhuri, ndio unaosaidia zaidi, maana jina la mamlaka ya kanisa lilibadilika: Prefektura ya Lindi (eneo la misheni ambalo bado si jimbo) ilianza 1913, jina la Abasia ya Ndanda (monasteri iliyosimamia eneo) likaanza 1931, Jimbo la Mtwara 1972, Jimbo la Lindi 1986. Wengi hukosea hapa, wanakwenda Lindi mjini kutafuta karatasi za miaka ya 1950, wakati huo mambo yakiendeshwa Ndanda.