Muulize Fundi: Mchicha wa besimenti na taa ya "wati 1000"

*Shikamoo Fundi. Ninaishi Edmonton, Kanada, mwaka wa nne sasa, na mboga za nyumbani zimenishinda bei. Mwezi wa Novemba nilipanda mchicha na mnavu kwenye trei, huku chini besimenti. Nikanunua taa ya LED ya kuoteshea mimea, boksi limeandikwa wati 1000, nikaitundika darini. Naiwasha nikirudi kazini saa kumi na mbili jioni, naizima saa tano nikienda kulala. Miche imeota vizuri lakini imerefuka kama nyuzi na kulala chini. Ajabu zaidi, mchicha usiozidi kiganja umeshaanza kutoa maua. Na mume wangu anataka niizime kabisa, anasema mwanga ule wa zambarau unaonekana dirishani na majirani watadhani tunalima bangi. Nifanyeje? — Mama wa watatu, Edmonton*

Marahaba mwanangu. Pole kwa trei hiyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hata mimi majira yangu ya kwanza ya baridi huku nilipoteza mchicha kwa namna hiyo hiyo, na nilikuwa fundi umeme mwenye miaka kumi na moja ya kazi.

Kwanza tuiweke sawa hiyo 1000. Igeuze taa, tafuta kibandiko mgongoni au kwenye kile kisanduku cha chuma kinachobadilisha umeme, yaani draiva. Hapo ndipo penye ukweli, na sitashangaa ukikuta wati 100 au 110. Wauzaji wengi huhesabu vipande vidogo vinavyowaka, tuseme 100, wakazidisha kwa wati 10 ambazo kila kimoja kingeweza kubeba kwa nguvu zote, ilhali taa yenyewe hukipa kama sehemu ya kumi tu ya hizo. Wati 100 za kweli si mbaya. Zinatosha kwa rafu moja ya mboga ya sentimita 60 kwa 120. Hazitoshi chumba.

Pili, lumeni zilizoandikwa ubavuni mwa boksi zisikushughulishe. Lumeni ni kipimo cha jicho la mtu, na jicho letu hupenda zaidi kijani. Jani lina hesabu yake: linahesabu chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700, kuanzia zambarau hadi nyekundu, na hesabu hiyo hutajwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kifaa cha kuipima kina bei. Lakini kwa taa nyeupe ya LED, pakua kwenye simu programu ya kupima luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, laza simu pale majani yalipo, gawanya namba kwa 70. Utapata makadirio ya kutosha kazi ya nyumbani. Kwa taa ya zambarau njia hii haifai, simu itakudanganya.

Kwangu, taa nyeupe ya wati 100 za kweli ikiwa sentimita 30 juu ya majani, simu husoma kama luksi 17,000 katikati. Gawanya, ni karibu mikromoli 240. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha kwa saa 16: unapata karibu mikromoli milioni 14, yaani moli 14 kwa siku, maana moli moja ni mikromoli milioni. Mboga za majani huridhika na moli 12 hadi 17. Sasa tuje kwako. Taa iko darini, trei iko sakafuni, mita mbili kati yake. Kwa umbali huo mwanga umeshasambaa kuta zote nne, na nikikadiria kwa ukarimu majani yako yanapata mikromoli 25. Kwa saa tano hiyo haifiki hata nusu ya moli. Mmea unaopata chakula hicho hurefuka kuutafuta mwanga, na unatumia nguvu yote kwenye shina. Ndiyo maana imelala.

Miche hiyo usiihangaikie. Shina likishakuwa uzi halirudi. Panda upya, na safari hii ishushe taa kwa minyororo. Wiki ya kwanza iwe sentimita 45 juu ya miche, kisha uishushe taratibu hadi 30. Majani ya juu yakianza kupauka au kujikunja kingo, ipandishe kidogo. Pembeni weka mbao zilizopakwa rangi nyeupe au plastiki nyeupe, mwanga unaotoroka urudi kwenye trei. Na weka kifeni kidogo kipulize kwa upole, kwa sababu besimenti yenye udongo mbichi na hewa iliyosimama ni nyumba ya kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina la mche, na kinyausi humaliza trei nzima kwa usiku mmoja.

Hayo maua sasa. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ndiyo kazi niliyoifanya Usa River, nje ya mji wa Arusha, kwenye shamba la maua. Tulikuwa na krisanthemamu. Ua hilo husubiri usiku mrefu ndipo lichanue, na kwetu karibu na ikweta usiku una saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo lingechanua likiwa fupi, lisiuzike. Dawa yake ni kuliamsha. Usiku wa manane tunawasha taa juu ya matuta kwa saa chache, mmea unaona kama usiku umekatwa vipande viwili vifupi, unaendelea kurefuka. Siku tukizima taa hizo ndipo tunaposema sasa chanua. Msimu mmoja laini moja ya taa ilikatika, swichi imeruka, na mlinzi wa zamu hakuripoti. Hakuna aliyejua mpaka siku nilipopita asubuhi nikaona tuta zima lina vitumba, na majirani zake kulia na kushoto hayana hata kimoja. Mpaka kati yao ulionekana kama umechorwa kwa rula. Tangu siku hiyo sijawahi kudharau saa za giza.

Mchicha nao ni wa ukoo huo wa kusoma usiku. Ukipewa siku fupi unaamini msimu umekwisha, unakimbilia mbegu. Edmonton mwishoni mwa Desemba mchana una saa saba na nusu tu, na wewe besimenti umempa tano. Umemwambia azae, naye ametii. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, iwashe saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa tatu usiku. Hizo ni saa 16. Usiitegemee kumbukumbu yako, una watoto watatu.

Umeme: wati 100 kwa saa 16 ni yuniti 1.6 kwa siku, kama 48 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako, halafu linganisha na bei ya fungu la mchicha huko dukani, uamue mwenyewe. Mimi hesabu yangu ilinikubalia kwa mboga za majani. Pilipili hazikunikubalia, zinataka moli 20 na zaidi na zinachelewa miezi.

Na usalama, tafadhali, hili nalisema kama fundi. Kama taa haina alama ya usalama inayokubalika Kanada, kama CSA au cUL, irudishe. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Plagi ikae juu ya ukuta, si sakafuni penye kumwagika maji, na waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likishuka lidondokee pale chini lisifuate waya hadi kwenye umeme. Taa ikishawaka saa moja, shika plagi. Ikiwa ya moto, zima, tafuta soketi nyingine au fundi.

Mwambie baba watoto kwamba wasiwasi wake una chanzo. Taa hizi soko lake kubwa ni wakulima wa bangi wa ndani ya nyumba. Kama taa yako ina swichi mbili, VEG (ya kukuza majani) na BLOOM (ya kuchanusha maua), ziliwekwa kwa ajili yao zaidi kuliko kwa ajili yetu wa mchicha. Wewe washa zote mbili. Lakini huko mliko si kosa kumiliki taa, na tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Kanada inaruhusu watu wazima kuotesha hadi mimea minne ya bangi kwa nyumba moja, ingawa Quebec wameikataza. Kwa hiyo polisi hawafukuzii zambarau dirishani. Wazo la nyumbani, Tanzania, ambako kulima bangi ni kosa kubwa, ndilo linalomtisha. Hata hivyo mimi pia nisingeipenda ile zambarau, kwa sababu nyingine: chini yake kila jani huonekana jeusi, na utitiri utakula wiki nzima hujauona. Ukipata nafasi badilisha, chukua taa nyeupe. Majirani wataona besimenti yenye taa, basi.

*Sasa Fundi. Nakaa South B, Nairobi, chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa ploti jirani. Nataka dania tu ya kupikia. Lazima ninunue hizo taa za bei? — Mpangaji*

Hapana, ndugu yangu. Nunua balbu ya kawaida ya LED, nyeupe ya mchana, ile iliyoandikwa 6500K, wati 15 za kweli. Itie kwenye taa ya mezani yenye shingo inayopinda, iinamishe sentimita 15 hadi 20 juu ya makopo mawili au matatu. Saa 14 kwa siku hazifiki robo ya yuniti, tokeni zako hazitahisi. Mbegu ya dania ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ipasue kwa kuisugua kidogo na chupa, ilowe usiku mmoja, ndipo upande. Toboa makopo chini. Chumba chako kikiwa na joto la jiko, dania itakimbilia maua upesi, kwa hiyo panda kopo jipya kila baada ya wiki tatu, usisubiri la zamani liishe.

*Fundi, niko Toronto. Mama yangu Mbeya analima pilipili hoho kwenye mifuko barazani. Nimtumie taa ya LED kwa ndugu anayesafiri? — Kijana wa Mbeya*

Usimtumie. Jua la mchana la Mbeya mawingu yakiwa yameachia linafika karibu mikromoli 2,000, na taa nyingi za nyumbani hazifiki nusu ya hapo. Kama umeshainunua, soma kibandiko cha draiva kabla haijafungwa kwenye begi: ikiandikwa volti 100 hadi 240 au 277 itafanya kazi, ikiandikwa volti 120 peke yake inaweza kuungua siku ya kwanza kwenye umeme wa volti 230 wa nyumbani. Pesa hiyo mpe anunue wavu wa kivuli na pipa la kuhifadhia maji. Kwanza muulize mifuko inakaa upande gani wa baraza, na jua linaigusa saa ngapi.